Ukianza utafiti wa tabianchi utaulizwa "nani kakulipa", jiandae

Wadogo zangu mnaoanza masta na mmechagua tabianchi, hili lilinilia miezi miwili ya kazi ndo maana nawaandikia. Mtakuta watu hawajibizani hoja tena, wanatafutana mifukoni tu, huyu anasema wote wanaopinga kwamba binadamu ndo anapasha dunia wamenunuliwa na kampuni za mafuta, yule anasema wanasayansi wanatisha watu wapate ruzuku za utafiti, na wewe mgeni unajikuta unahesabu hela za watu badala ya kusoma data.

Mi nilifanya hivyo. Kwenye drafti ya kwanza niliandika kwamba Marekani zinatumika dola milioni 900 kila mwaka kupinga sayansi ya tabianchi, nikaweka jina la Robert Brulle, mwanasosholojia wa Marekani, na utafiti wake wa 2013, supavaiza akaniuliza umeusoma wote? Sikuwa nimeusoma. Ile milioni 900 ni mapato yote kwa mwaka ya taasisi 91 za upande wa wapinzani, ambazo nyingi zina shughuli nyingine kibao, na Brulle mwenyewe kaeleza. Sura nzima niliijenga juu ya hiyo namba, ikabidi nianze upya.

Alafu msiishie kwenye kiasi, ulizeni masharti. Willie Soon, mtafiti wa kituo cha sayansi ya anga cha Harvard-Smithsonian, nyaraka zilizotoka 2015 zilionyesha alipata zaidi ya dola milioni 1.2 za wafadhili wa mafuta, makaa na umeme, na makala zake kama 11 hazikuwataja. Kila mtu anaikumbuka hiyo milioni. Mi kilichonishtua ni mkataba na Southern Company, kampuni ya umeme, kituo kilikubali kuipelekea makala kabla hazijachapwa ili itoe maoni, na kutoitaja jina bila ruhusa yake ya maandishi! Hapo ndo pa kukamata. Ila hata hapo hujamshinda kwa sayansi bado, hoja yake ni kwamba jua ndo linapasha dunia, na jibu lake ni setelaiti zinazopima jua tangu 1978, nguvu ya jua haijapanda na joto limepanda. Andika hilo kwanza, mkataba ufuate.

Na hela haitabiri jibu kila mara. Richard Muller, profesa wa fizikia Berkeley, alikuwa na mashaka na rekodi za joto, mradi wake ukapewa dola 150,000 na mfuko wa Charles Koch, tajiri ambaye utajiri wake una mafuta ndani, na 2012 Muller akatangaza joto limepanda kweli na karibu lote ni la binadamu. Data akaziweka wazi yeyote azikague. Hata Exxon, kampuni ya mafuta, wanasayansi wake wenyewe wa miaka ya 70 na 80, wanaolipwa mshahara wa mafuta, walikadiria joto vizuri tu, mtu akikwambia ni tamaa ya ruzuku ndo inaleta matokeo mwulize hao walikuwa wanatafuta ruzuku gani.

Kwa iyo kwenye jedwali lako la makala weka safu ya mfadhili, ya nani anaiona drafti kwanza, na ya data ziko wapi. Na wewe ukipata mfadhili, awe wa mazingira awe wa gesi, soma kipengele cha kuchapisha kabla hujasaini, ukikuta inabidi aidhinishe matokeo mpelekee supavaiza siku hiyo hiyo, ukishasaini huna pa kushika.