Nywila ngumu sawa, lakini ukurasa wa kuingilia faiwoli unaonekana na nani?

Nikiitwa kukagua mtandao wa ofisi, iwe Kampala au Arua, mwenye ofisi huanza kwa kujivunia nywila yake: herufi kubwa, ndogo, tarakimu, alama ya dola. Nampongeza, kisha nazima Wi-Fi ya simu yangu, nabaki na bando la MTN au Airtel, na kuandika anwani ya IP ya ofisi yake (namba inayoitambulisha kwenye intaneti) kwenye kivinjari. Mara nyingi mno ukurasa wa kuingilia faiwoli, yaani kifaa kinachochuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao, hutokea palepale. Kama mimi nimeuona nikiwa nje, dunia nzima inauona.

Tumezoea kuamini kwamba kifaa cha usalama chenyewe ni salama. Kumbe ukurasa wake wa usimamizi ni programu kama nyingine, na kosa likiwa kwenye sehemu ya kumthibitisha mtumiaji, mdukuzi hana haja ya kubahatisha nywila yako. Novemba 2024 ilibainika kwamba kwenye faiwoli za Palo Alto Networks ilitosha kutuma ombi lenye kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia ombi) X-PAN-AUTHCHECK kikiwa na thamani "off", na mfumo haukuuliza nywila tena. Yaani askari wa getini anaambiwa na mgeni "leo usikague mtu", naye anatii. Zyxel, watengenezaji wengine wa faiwoli, mwaka 2020 walikutwa na akaunti iliyofichwa ndani ya kifaa, zyfwp, ambayo nywila yake mteja hakuweza kuibadilisha.

Kwetu Uganda ninayoitaja zaidi ni ruta za MikroTik, kwa sababu hoteli, shule na watoa huduma wadogo wengi wanaitumia. Mwaka 2018 tundu (kosa la kiusalama) la Winbox, njia ya kusimamia ruta hizo inayopita poti 8291, lilimruhusu mtu wa nje kusoma faili la watumiaji pamoja na nywila zao. Sasisho lilitoka Aprili mwaka huohuo. Waliosasisha bila kubadilisha nywila walifunga tundu huku funguo zikiwa tayari mikononi mwa wezi.

Sababu ya kuacha ukurasa wazi naielewa. Fundi yuko Kampala, mteja yuko Arua. Nani atakesha kwenye basi kwa ajili ya kanuni moja ya faiwoli? Anafungua usimamizi upande wa WAN, yaani upande wa intaneti, na kuendelea na maisha. Au mzee mwenye duka anataka kuona kamera akiwa nyumbani, basi ananunua IP ya umma, inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti. Laini nyingi za kawaida hujificha nyuma ya anwani inayoshirikiwa na wateja wengi. Huyu aliyelipia zaidi ndiye anayeonekana.

Ushauri wangu: zima usimamizi upande wa WAN leo, nywila utashughulika nayo kesho. Kwenye MikroTik ingia IP, kisha Services, zima huduma za kuingilia ruta za telnet, ftp, www na api kama huzitumii, na winbox uiruhusu kwa anwani za ndani tu. Fundi wa mbali aingie kwa VPN, njia ya siri iliyofungwa kwa usimbaji. RouterOS 7, mfumo endeshi wa MikroTik, ina WireGuard tayari, ambayo ni aina ya VPN. Kama ofisi haina IP ya umma, kodisha seva ndogo ya mtandaoni, ruta ianzishe yenyewe muunganisho wa VPN kwenda huko, nawe uingilie huko. Kipimo changu cha simu kifanye kwa IP yako tu. Ya jirani iache, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 haina utani.

Uthibitisho wa hatua mbili uweke, ila usiutegemee peke yake: tundu linaloruka nywila huweza kuruka na hatua ya pili.

Baada ya kusasisha, kaa chini usome orodha ya watumiaji na funguo za SSH, zinazomruhusu mtu kuingia kwenye kifaa kwa mbali bila nywila. Walioshambulia vifaa vya Fortinet, watengenezaji wa faiwoli za FortiGate, mwaka 2022 waliweza kuongeza funguo zao wenyewe, na sasisho halimfukuzi aliyekwisha kuingia. Januari 2025 mipangilio ya FortiGate zaidi ya 15,000 iliyoibwa kipindi hicho ilimwagwa hadharani, na nywila ndani yake. Watu walikuwa wamekwisha sahau! Kila fundi awe na akaunti yake. "Admin" ya wote ikibaki, aliyeacha kazi bado ana ufunguo.

Na konsoli ya antivairasi, yaani ukurasa wa kusimamia antivairasi ya kompyuta zote za ofisi, isisahaulike, maana watu huilinda kidogo kuliko faiwoli. Aliyeikamata anaweza kuzima ulinzi wa kompyuta zote, na nyingine zitamwezesha kusambaza programu yake kila meza. Kwa SACCO yenye taarifa za wanachama, hilo likitokea Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka uijulishe mamlaka mara moja, kwa hiyo mwulize fundi wako wiki hii: konsoli iko kwenye seva gani, na nani anaweza kuifungua akiwa nje?