Nisome sheria au nibaki kwenye habari?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nina digrii ya mawasiliano kwa umma, nafanya kazi redio moja ya jamii huku Morogoro. Nataka kurudi shule nije niwe mhadhiri, nifundishe na kuandika kuhusu haki za binadamu na vyombo vya habari. Mjomba anasema nisome sheria ndo kuna hela, bosi anataka nibaki kwenye fani, wengine wanasema ukichanganya hutaajiriwa popote. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wanaosema hutaajiriwa sikubaliani nao hata kidogo, maana kesi kubwa za uhuru wa habari Afrika zinahitaji mtu anayejua pande zote mbili na watu hao bado ni wachache.

Chukua kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa gazeti la wiki huko Burkina Faso. Mwaka 2012 alichapisha habari zinazomtuhumu mwendesha mashtaka kwa rushwa, akahukumiwa mwaka mmoja jela na faini juu, gazeti nalo likafungiwa miezi sita. Kesi ikafika Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 5 Desemba 2014 majaji wakasema kumfunga kwa kosa la kashfa ni kuvunja Ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ile ya uhuru wa kujieleza, na hata kufungia gazeti hakukuwa sawa. Mwanasheria akiisoma hukumu ile anaangalia kama adhabu ililingana na kosa, basi. Ila we mtu wa redio utauliza, miezi sita gazeti halipo wasomaji walipata wapi habari za rushwa, na wahariri wengine wakaanza kuogopa kugusa nini? Hayo huyapati kwenye vifungu, unakaa na waandishi, unahesabu habari za kabla na baada, na hizo mbinu ushafundishwa tayari.

Hapa kwetu je? Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko hapohapo Arusha, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, halafu bunge likaja kuirekebisha sheria 2023. Katikati hapo miaka minne, kwenye chumba chenu cha habari kilibadilika nini? Hiyo ni tasnifu ya masta kabisa!

Sasa njia. Ukitaka kufundisha skuli ya sheria utadaiwa LLB, yaani digrii ya kwanza ya sheria, hapo mjomba yuko sahihi japo sababu yake ya hela siyo, na Chuo Kikuu Huria unaweza kuisoma huku uko kazini. Uwakili ni habari nyingine, mpaka upite Law School, shule ya mafunzo ya uwakili baada ya digrii, kama lengo ni kufundisha usijibebeshe mzigo huo sasa hivi. Ukitaka skuli ya habari, masta ya mawasiliano yenye tasnifu ya sheria ya habari inakuanzisha kama mhadhiri msaidizi, kisha PhD. Mi ningekuwa wewe ningeanza na hii ya pili. Ila angalia GPA yako, yaani wastani wa alama, ya digrii ya kwanza mapema, vyuo vinaiangalia hata ukiwa na masta nzuri, na wengi wanakuja kujua hilo ada ishalipwa.

Kabla hujalipa popote soma hizo hukumu mbili, andika kurasa mbili za swali lako, mtumie mhadhiri mmoja wa sheria na mmoja wa habari, atakayekurudishia maswali magumu ndo umng'ang'anie. Na bosi mwombe ruhusa ya kutumia rekodi za vipindi vyenu, hiyo ni data nzuri sana, ila waliopiga simu studio usiwataje majina, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na wale watu hawakupiga simu ili waingie kwenye tasnifu yako.