Ukikutana na "eminent", usikimbilie "maarufu"

Wewe unayeanza kazi ya kufasiri kutoka Kiingereza, neno eminent lizoee mapema. Hutalikuta kila siku, ila likija huja mahali pazito: wasifu wa jaji aliyestaafu, tanzia ya profesa, barua ya kumpendekeza mtu kwa tuzo. Mahali kama hapo ukikosea neno moja tu unampunguzia mtu heshima yake, na watakaosoma ni wenzake na ndugu zake.

Kamusi itakupa "maarufu" au "mashuhuri", basi. Sasa fikiria: mwimbaji aliyevuma mwaka huu ni maarufu. Jambazi anayesakwa, picha yake imebandikwa kila kona, naye anajulikana kweli kweli. Hao wawili hakuna anayewaita eminent. Neno hili linadai mambo mawili kwa pamoja: mtu awe na fani yake, na wenye fani hiyo wamkubali kuwa yuko juu. Daktari bingwa wa moyo anaweza kuwa eminent duniani kote huku majirani wakimjua kama baba wa watoto fulani tu.

Kwa hiyo mimi nikiliona huuliza kwanza: ni nani wanaomtambua, na kwa kazi gani? Jibu ndilo linalonipa Kiswahili chake. "Aliyebobea" ni zuri, lakini linataja ujuzi peke yake na kuiacha heshima. "Nguli" na "gwiji" yananoga gazetini. Kwenye hati ya mahakama au tanzia ya chuo huleta uchangamfu usiotakiwa. Mara nyingi huishia kwenye "mwanasheria anayeheshimika sana katika fani yake". Ni maneno mengi, najua, na mhariri anaweza kulalamika. Afadhali marefu yaliyo sahihi. "Mashuhuri" nalo lina mahali pake. Mwaka 2008 Umoja wa Afrika ulipopeleka Kenya jopo la Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa, jina lake la Kiingereza lilikuwa Panel of Eminent African Personalities. "Jopo la Watu Mashuhuri wa Afrika" linatosha kabisa, kwa kuwa uzito wa wanajopo wenyewe unajulikana.

Ndugu wawili wa eminent, yaani prominent na imminent, ndio wanaowachanganya wanaoanza. Yote matatu yametoka Kilatini, kwenye wazo la kitu kuchomoza. Eminent ni kuchomoza juu ya vingine. Prominent ni kuchomoza mbele, ndiyo maana husemwa hata kwa pua, jengo au bango. Mwanasiasa akiitwa prominent, tumeambiwa kwamba anaonekana, hatujaambiwa kwamba ni bora. Imminent ni kuning'inia juu ya kichwa cha mtu, yaani jambo lililo karibu kutokea, kama imminent danger, hatari inayokaribia. Ukiandika imminent professor, kompyuta haitakupigia mstari mwekundu, kwa sababu maneno yote mawili yapo. Jicho lako ndilo litakaloliona kosa hilo.

Matamshi nayo yanasaidia kuyatenganisha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ulimi wetu unataka kusema e-MI-nent. Kwa Kiingereza mkazo uko mwanzoni: E-minent. Ukiukosea, irabu ya kwanza inafifia na msikilizaji anaweza kudhani umesema imminent.

Maana ya mwinuko wa kawaida, usio na sifa yoyote, ingali hai katika tiba. Fungua kiganja chako uutazame ule mnofu ulionenepa kwenye shina la kidole gumba. Wataalamu wa anatomia wanauita thenar eminence. Hapo hakuna heshima wala umashuhuri. Andika "mwinuko" uendelee na kazi.

Kwenye Kanisa Katoliki habari ni tofauti. Eminence ni heshima ya kardinali, iliyothibitishwa na Papa Urbano VIII mwaka 1630, na Kiswahili tayari kina neno lake: Mwadhama. Usilichanganye na Mhashamu, ambalo ni la askofu. Ukibuni lako, msomaji Mkatoliki atajua papo hapo kwamba hukuuliza mtu.

Kutoka huko huko Waingereza walichukua kwa Wafaransa éminence grise. Padre Joseph, mtawa Mkapuchini, alikuwa mshauri wa siri wa Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa Ufaransa katika karne ya 17. Hakuwa kardinali, lakini nguvu yake ilijulikana, watu wakampa heshima ya kardinali wakaiambatisha na rangi ya joho lake la kitawa: grise, yaani kijivu. Leo husemwa kwa yeyote anayeendesha mambo nyuma ya pazia bila cheo. Kumwita "mtu mashuhuri" ni kugeuza maana juu chini.

Eminently halihitaji mengi: ni "sana" au "kabisa". An eminently sensible plan ni mpango wa busara kabisa.

Eminent domain, hata hivyo, iendee polepole. Ni neno la kisheria, hasa Marekani: mamlaka ya dola kutwaa mali ya mtu kwa manufaa ya umma. Marekebisho ya Tano ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanataka mwenye mali alipwe fidia ya haki, ingawa maneno eminent domain hayamo humo. Waingereza kwa jambo hilo husema compulsory purchase. Mimi huandika "mamlaka ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma" mara ya kwanza, kisha "utwaaji" tu kurasa zinazofuata. Fidia usiitie ndani ya tafsiri ya neno lenyewe, kwa kuwa kwenye kesi nyingi hiyo fidia ndiyo inayogombaniwa.