Swali: Kornisi ya S, upande upi juu?

"Mimi ni fundi jipsamu, Mwanza. Nimebandika kornisi yenye mkunjo wa S sebuleni, pale ukuta unapokutana na dari. Mteja kaja na picha ya hekalu la Kigiriki, anasema nimeigeuza. Mbona S ni ile ile?"

Fundi, chukua kipande kilichobaki utazame pale ulipokikata kwa msumeno. Mbonyeo ukikaa darini na tumbo likawa chini upande wa ukuta, hiyo ni saima rekta. Sasa kigeuze, ukingo wa ukutani uende darini. Tumbo limepanda juu, mbonyeo umeshuka: umepata saima riversa. Kipande kimoja, maumbo mawili. (Saima ni neno la Kigiriki lenye maana ya wimbi.)

Wagiriki hawakuyachanganya. Rekta huishia juu kwa ukingo mwembamba uliochomoza. Ukiutwika kitu, jicho linaogopa utavunjika. Kwa hiyo ilikaa kileleni kabisa, na kwenye mahekalu mengi ndiyo iliyokuwa mdomo wa mfereji wa maji ya mvua. Riversa ina tumbo juu, inaonekana inabeba, basi huwekwa chini ya kitu kingine. Sebuleni, mimi huweka rekta, isipokuwa pale dari lina ngazi ya pili iliyotokeza juu ya kornisi.

Picha ya mteja itakuambia anataka ipi, kwa sababu nakshi zilifuata umbo. Ukiona majani kama mioyo iliyoelekeza ncha chini, hiyo ni riversa. Mayai yaliyopangwa na mishale kati yake ni ovolo, tumbo tupu lisilo na S. Hata kwenye vitako vya nguzo ni hivyo: katika hekalu la Erechtheion, Athens, baraza ya kaskazini, pete nene ya juu imechongwa msuko unaofanana kabisa na ukili wa mkeka.

Ukiamua kukata kigezo cha bati mwenyewe, S ya Kirumi ni rahisi: vipande viwili vya duara, bikari inatosha. Ya Kigiriki ni bapa zaidi na mkunjo wake hubadilika njia nzima, bikari haiupati. Uchore kwa mkono, ufute, uchore tena.

Ila kwanza mwombe mteja picha ya karibu, kabla hujang'oa hata kipande kimoja.