Jibu: Feritini imeshuka, MRI ya nini tena?

Dada, umeuliza kwa nini daktari anataka mwanao wa miaka 11 mwenye thalasemia (ugonjwa wa damu wa kurithi unaomfanya aongezewe damu mara kwa mara) apigwe MRI ya moyo, yaani picha ya sumaku, ilhali feritini, kipimo cha damu cha akiba ya chuma mwilini, imeshuka hadi 1,400. Nakusihi, usiikwepe.

Kila chupa ya damu anayoongezewa ina chuma miligramu 200 hadi 250, na mwili hutoa miligramu moja au mbili tu kwa siku. Kinachobaki hujikusanya kwenye ini, moyo na tezi. Feritini hupimwa kila miezi mitatu kuonyesha mwelekeo, lakini namba moja isikutulize: homa au maambukizi huipandisha, na inaweza kushuka huku moyo bado umebeba chuma. Ini husafishika haraka, moyo huchelewa sana.

Kwenye majibu ya MRI angalia palipoandikwa T2*, namba inayoshuka kadiri chuma kinavyozidi. Moyo ukiwa juu ya milisekunde 20, vizuri. Chini ya 10 ni hatari kubwa, na tiba hubadilishwa mara moja. Kipimo hakina mionzi. Kazi ni kumfanya mtoto alale tuli kwenye zile kelele, kwa hiyo mzoesheni nyumbani kwanza.

Hukutaja dawa anayotumia ya kutoa chuma mwilini. Kama ni deferasiroksi, figo na ini vipimwe kila mwezi. Kama ni deferiproni na akapata homa, simamisha dawa umpeleke hospitali siku hiyo hiyo wahesabu chembe nyeupe za damu.

Na urefu wake, kuna anayeuandika? Umri huu tezi, zinazoongoza ukuaji, huanza kuonyesha dalili za chuma kuzidi.