Mwalimu, hiyo y naiweka wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko fomu tuu hapa Tandika, kufaktoraizi (kuvunja swali liwe mabano yanayozidishana) zenye x peke yake nazipata freshi tu ila ikiingia y nachanganyikiwa kabisa. Tuisheni tulipewa 6x² + 7xy − 3y² mi nikaandika (2x + 3)(3x − 1) nikakoseshwa, sasa nilipokosea ni wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Namba zako zote ziko sawa, alama pia, umesahau y tu. Hebu angalia swali lenyewe, kila kipande kina herufi mbili zilizozidishana, x na x, x na y, y na y, hakuna namba iliyokaa tupu. Ukifungua mabano yako mwishoni unapata −3 kavu na katikati 7x, ndo ujue mambo yameharibika. Kwa hiyo kila bano lianze na x limalizie na y.

Njia ni ileile unayoijua. 6 mara −3 ni −18, tafuta namba mbili ukizizidisha upate −18 na ukizijumlisha upate 7, ni 9 na −2. Vunja 7xy:

6x² + 9xy − 2xy − 3y²

Toa cha pamoja mbilimbili:

3x(2x + 3y) − y(2x + 3y)

Hapa kwenye −y ndo naona watoto wengi wanaanguka, maana ukitoa −y kwenye −3y² ndani inabaki +3y, alama inageuka, na mabano mawili yasipofanana usiendelee, rudi ukague alama. Jibu ni (2x + 3y)(3x − y).

Ukitaka kujua kama namba zitapatikana kabla hujahangaika, chukua namba ya katikati mara yenyewe, toa 4 mara zile mbili za pembeni: 7² − 4 × 6 × (−3), ni 121, yaani 11 mara 11, basi zipo. Ila x² + 3xy + y² inakupa 5, na hakuna namba nzima ambayo mara yenyewe ni 5, hiyo kwa namba nzima haitoki hata ukeshe.

Halafu wakati wa kuhakiki usiweke y = 1! Ukiweka x = 1 na y = 1 swali linatoa 10, na lile jibu lako la kwanza nalo linatoa 10, kosa limejificha. Weka y = 2, x ibaki 1, uone: swali linatoa 8, mabano sahihi 8 × 1 ni 8, yako bado yanasema 10.