Kodi ya Majengo na Mikoko ya Tanga: Najibu Maswali Yenu

Wiki iliyopita niliandika kwamba sehemu ya kodi ya majengo inayokatwa tunaponunua umeme wa LUKU itengwe kisheria kwa ajili ya mazingira tu: mikoko, kingo za mito, misitu inayotupa maji. Maswali yamemiminika.

Mimi ni mpangaji, Makorora. Kila mwezi nakatwa 1,500 na nyumba si yangu. Leo unataka niongezewe?

Hapana, dada yangu. Kiwango cha nyumba ya kawaida kilishapanda mwaka 2023, kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Ninachodai ni kwamba katika hiyohiyo 18,000 ya mwaka, 1,800 isiguswe kwa shughuli nyingine. Nyumba 10,000 zinatoa milioni 18. Hazitamaliza shida zetu, lakini vitalu vya miche ya mikoko na posho za wanaoilinda zitalipika kila mwaka bila kumsubiri mfadhili. Na lalamiko lako ni la haki: kodi hii ni ya mwenye nyumba, ila mita ndiyo imekutwisha mzigo. Tunza risiti, kaeni mzungumze, aikate kwenye pango.

Shikamoo. Nina nyumba Raskazone. Viwanda vipo, kwa nini mtuandame sisi?

Marahaba. Viwanda navyo vilipe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inambebesha gharama anayechafua. Lakini maji ya bombani kwako yanatoka Mto Zigi, unaoanzia misitu ya Usambara Mashariki. Kingo zikilimwa hovyo kule juu, udongo unateremka hadi bwawa la Mabayani, na kuyasafisha maji hayo kunagharimu fedha za wateja, wewe ukiwemo. Mkulima anayeacha kulima ukingoni anakufanyia kazi wewe. Alipwe.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Nyumba ya vyumba viwili Ngamiani na jumba la kifahari lisilo la ghorofa vyote vinakatwa 1,500. Kama kuna wa kuongezewa, waanze wenye majumba.

Hatifungani ya kijani ya mamlaka ya maji haitoshi?

Ile ni mkopo ambao mamlaka ya maji ya Tanga iliuchukua kwa wawekezaji, ikiahidi kuutumia kwa miradi inayojali mazingira. Mwaka 2024 ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 za kupanua huduma ya maji, kwa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5. Maji yana bili ya kurudisha deni. Mikoko haina bili, kwa hiyo inahitaji kodi.

Mama yangu ana miaka 72, hana kipato. Naye?

Sheria inamsamehe kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Mpeleke akaombe msamaha huo.

Kuna waliowahi kufanya hivi?

Wapo. New Jersey, Marekani, kaunti zote 21 zina kodi ya aina hii ya kuhifadhi ardhi, na wananchi ndio walioipigia kura. Wisconsin nako kodi ndogo ya mali ilitunza misitu kwa miongo mingi, hadi ilipofutwa mwaka 2017 na misitu ikategemea mfuko mkuu wa serikali ya jimbo. Ndiyo maana nasema kura ya wananchi ni muhimu: walichokichagua wenyewe watakipigania.

Tutajuaje kwamba fedha hazijaliwa?

Kila robo mwaka ofisi ya kata ibandike ubaoni kiasi kilichoingia, kilichotumika na mahali kilipotumika. Bajeti ya halmashauri huanza kuandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai. Mfuateni diwani sasa, mkiwa wengi, na dai hili mkiwa mmeliandika.